Cha Mvunguni: Safari ya Mhandisi wa Nawoitorong

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wavivu, wale wapendao kuvuna pasipo kupanda. Ni nadra kumsikia mtu akiambiwa maneno haya ilhali amekesha juu ya vitabu kwa miaka mitano na kuhitimu katika daraja la juu. Hata hivyo, ndivyo ilivyokuwa kwa binti mmoja wa Nawoitorong, mtaa ulio pembezoni mwa mji wa Lodwar, upande wa barabara iendayo Kitale.

Nawoitorong si jina geni kwa wasafiri wa Turkana. Hapo ndipo ilipo nyumba ya wageni ya kikundi cha akina mama, iliyojengwa kwa vifaa vya papo hapo. Wengi waliolala humo huenda hawakujiuliza ni nani aliyewafunza akina mama kupanga bei ya kitanda, kununua unga kabla haujaadimika na kugawana kilichobaki. Binti alizaliwa si mbali na nyumba hiyo. Mama yake alisuka vikapu vya majani ya mkoma na kuvipeleka mjini kwa miguu. Baba alikuwa ameaga dunia mapema, na karo yote ya mtoto, kuanzia kidato cha kwanza hadi chuo kikuu, ilitoka kwenye zizi la mjomba, mfuga mbuzi na ngamia wa upande wa Kakuma.

Katika Kiturkana, mama huitwa toto. Jambo hili liliwachekesha sana wenzake wa bwenini walipomsikia akiongea na mamake kwa simu. Katika Kiswahili toto ni mwana, katika Kiturkana toto ni mzazi. Wao walicheka tu. Binti naye hakuwa na habari kwamba siku moja angetamani kuukumbuka utani huo kwa sababu nyingine, maana alikuwa karibu kuwa mzazi wa jambo ambalo bado alipaswa kuwa mwana wake.

Mwezi Desemba 2018 alihitimu shahada ya kwanza ya uhandisi wa ujenzi, akiwa amejikita zaidi katika masuala ya maji. Mjomba alisafiri kutoka Kakuma hadi Nairobi kwa mabasi mawili, akiwa amebeba ekicholong chake, kile kigoda kidogo ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia usiku. Alikikalia nje ya uwanja wa mahafali, akasubiri. Binti alipotokea amevaa joho, mzee alimtazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Sasa umekuwa mkubwa wao."

Kauli hiyo ndiyo iliyozaa uamuzi. Mhandisi, kwa fikira za mjomba, ni mtu anayesimama kando ya shimo akiwaelekeza wengine kuchimba. Ikiwa shahada ya kwanza ilimfikisha kando ya shimo, basi ya pili ingemfikisha ofisini. Binti mwenyewe alikuwa na sababu zake. Kazi za uhandisi zilikuwa adimu, na matangazo mengi ya kazi yalidai uzoefu wa miaka mitatu ambao hakuna aliyekuwa tayari kumpa. Akili yake ilikuwa bado na moto wa masomo. Hakuwa na mume wala mtoto wa kumzuia. Aidha, aliwajua watu kadhaa waliosema wangefanya kazi kwanza kisha warudi darasani, na hawakurudi kamwe. Mbuzi wakauzwa tena. Mnamo Septemba 2019 akajiunga na shahada ya uzamili katika upangaji na usimamizi wa miradi, katika chuo kimoja jijini Nairobi.

Hapana budi kukiri kwamba sababu hizo hazikuwa za kipuzi. Anayemcheka kijana kwa kukimbilia shahada ya pili hana budi kwanza kumwonyesha ilipo kazi.

Darasa lilifanyika jioni. Katika wiki ya kwanza binti aligundua kuwa yeye ndiye mdogo kuliko wote. Palikuwa na muuguzi mkuu wa hospitali, afisa wa kaunti, mwalimu mkuu na bwana mmoja aliyewahi kugawa chakula katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1992. Mhadhiri alipofundisha juu ya mgogoro baina ya mfadhili na mwenyeji, bwana yule alicheka peke yake, kicheko cha mtu anayemkumbuka adui wa zamani. Binti aliandika maelezo. Mhadhiri alipozungumzia bajeti inayokwisha kabla ya kazi, afisa wa kaunti alitikisa kichwa. Binti aliandika maelezo. Alama zake zilikuwa za juu kuliko za wote. Lakini kila neno aliloandika lilikaa daftarini kama mbegu kwenye gunia, halikuwa na udongo wa kuotea.

Katikati ya muhula walitakiwa kuchambua mradi ulioshindwa, ikiwezekana mradi ambao mwanafunzi mwenyewe aliwahi kuufanyia kazi. Yeye hakuwa nao. Akachagua ule ambao kila mtoto wa Turkana ya kati amewahi kuusikia: kiwanda cha samaki cha Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, yapata kilomita 60 kutoka Lodwar.

Kisa cha Kalokol kinajulikana mbali. Mpango wake ulianza mapema katika miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Norwei. Nia ilikuwa njema: Waturkana waliopoteza mifugo kwa ukame wapate riziki ziwani, samaki wagandishwe kwa barafu, wasafirishwe na kuuzwa mbali. Kiwanda kilikamilika kwa gharama ya mamilioni ya dola. Mitambo ilifanya kazi kwa siku chache tu, kisha ikazimwa. Gharama ya kuendesha majokofu katika joto lile ilikuwa kubwa mno, na maji safi yaliyohitajika hayakupatikana kwa urahisi katika nchi kame. Katika miaka hiyo ya 1980 ziwa nalo lilirudi nyuma, na Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa chimbuko la samaki wengi, ikakauka. Hatimaye mnamo mwaka 1990 uhusiano wa kibalozi kati ya Kenya na Norwei ulivunjika, na wafadhili wakaondoka.

Wengi hulieleza anguko hilo kwa sentensi moja, kwamba Waturkana ni wafugaji na hawali samaki. Binti alijua kwamba sentensi hiyo ni nusu ya ukweli. Wapo Waturkana wa ufuoni waliovua tangu zama za kale, tena kwa matenga ya kusuka. Aliandika kurasa ishirini. Alieleza kuwa mtambo wenyewe haukuwa na kosa, kosa lilikuwa katika hesabu ya kuutunza: nani atalipia umeme, nani atalipia maji, nani atanunua samaki, na ziwa likirudi nyuma itakuwaje. Alipewa alama ya juu. Chini ya ukurasa wa mwisho mhadhiri alikuwa ameandika swali moja kwa kalamu nyekundu: "Na wewe ungefanya nini siku ile mitambo ilipozimwa?"

Alilitazama swali lile usiku kucha. Hakuwa na jibu. Alijua kilichokosewa na watu wengine, lakini hakuwahi kusimama mbele ya mtambo wowote uliozimika.

Hapa inafaa kutua kidogo na kutazama mahali taaluma hii ya usimamizi ilikotoka. Waasisi wake wengi walikuwa wahandisi. Frederick Taylor wa Marekani, aliyechapisha kitabu chake maarufu cha kanuni za usimamizi mwaka 1911, alianza kazi akiwa mwanagenzi wa karakana, na mnamo 1878 aliingia kiwanda cha chuma cha Midvale akiwa mfanyakazi wa kawaida. Henry Gantt, ambaye chati yake ya mistari hufundishwa katika kila darasa la miradi, alikuwa mhandisi wa mitambo aliyefanya kazi na Taylor huyo huyo. Henri Fayol wa Ufaransa aliingia katika mgodi wa makaa ya mawe wa Commentry mwaka 1860, akiwa na umri wa miaka 19. Aliupambana na moto wa chini ya ardhi, akapanda cheo hatua kwa hatua hadi akawa mkurugenzi mkuu mwaka 1888. Maandishi yake makuu kuhusu uongozi yalitoka mwaka 1916, alipokuwa na miaka 75. Kwa hiyo kutoka uhandisi kwenda usimamizi ni njia kongwe, wala si usaliti wa taaluma. Tofauti ni kwamba wazee hawa waliipita wakiwa na masizi mikononi.

Sheria ya Kenya nayo ina neno. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, shahada pekee haimfanyi mtu kuwa mhandisi kamili. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hutakiwa kupata uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu na kupita mtihani wa Bodi ya Wahandisi. Nyumbani, majirani walikuwa tayari wanamwita binti "Injinia". Mbele ya sheria, jina hilo lilikuwa bado deni.

Deni hilo lilidaiwa mapema kuliko alivyotarajia. Katikati ya Machi 2020, kwa sababu ya janga la korona, serikali ilifunga shule na vyuo vyote nchini. Binti alipanda basi la Kitale, kisha la Lodwar, akafika kwa mama na mkoba wa vitabu. Wiki ya tatu baada ya kufika kwake, maji ya kioski cha mtaa yalikatika.

Kioski hicho kilitegemea kisima kirefu chenye pampu ya chini ya maji, iliyoendeshwa kwa nguvu za jua. Redio zilikuwa zikihimiza watu kunawa mikono kila mara kwa maji yatiririkayo na sabuni. Akina mama wa mtaa walichukua mitungi wakarudi kwenye mchanga wa mto Turkwel, kama walivyofanya bibi zao. Hapakuwa na aliyelalamika sana. Mtu mmoja alisema tu, "Si Injinia yuko nyumbani?"

Alikwenda akiwa na daftari. Alizijua kanuni zote: kina cha kisima, msukumo wa maji, nguvu inayohitajika kuyapandisha hadi kwenye tangi. Angeweza kuthibitisha kwa karatasi kwamba pampu ile ilipaswa kufanya kazi. Kisanduku cha umeme kilikuwa kikiwaka taa nyekundu, na yeye hakujua maana yake. Alikifungua, akakitazama, akakifunga. Watoto waliokuwa wamezunguka walimtazama kwa heshima, na heshima hiyo ilimchoma kuliko dharau.

Jioni hiyo aliamua kutumia elimu yake ya pili. Alichora jedwali la malengo na chati ya Gantt ya majuma manane. Siku ya pili wanakamati walikutana chini ya mti, wakiwa wameketi mbalimbali kwa kuhofia maradhi. Alieleza kuhusu washikadau, uwazi na uendelevu. Wazee walisikiliza kwa adabu. Alipomaliza, nyanya mmoja aliyekuwa muuza maji wa kioski akauliza, "Mjukuu wangu, waya wa kushuka kisimani ni pesa ngapi kwa mita moja?"

Hakujua.

"Na bomba?"

Hakujua hilo pia. Kimya kilichofuata hakikuwa cha kumsuta. Nyanya aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Lakini binti alihisi kwamba kurasa ishirini za Kalokol zilikuwa zimerudi na kukaa mbele yake chini ya mti ule.

Fundi aliitwa kutoka mjini. Alikuwa mzee wa makamo aliyeishia kidato cha pili, akaja kwa bodaboda na sanduku la chuma mapajani. Aliitazama taa nyekundu, akapima waya kwa mita yake, akasema kuwa tatizo liko chini, kwenye maungio. "Itabidi tuivute," alisema. Kisha akamgeukia binti. "Wewe ndiye Injinia? Njoo ushike huku."

Waliivuta pampu siku nzima, bomba baada ya bomba, wakisaidiwa na vijana sita na kamba. Viganja vya binti vilitoka malengelenge. Pampu ilipofika juu, fundi alimwonyesha mahali waya ulipoungua. Ulikuwa waya mwembamba, wa kufungia taa za nyumba. "Aliyenunua huu alitaka kuokoa pesa," alisema. "Muulize kwa nini."

Binti aliuliza, na hapo mradi mzima ukafunguka mbele ya macho yake. Waya wa bei ya chini ulinunuliwa kwa sababu kasha la pesa lilikuwa tupu. Kasha lilikuwa tupu kwa sababu fedha za mauzo zilikopeshwa familia iliyokuwa na msiba, na hazikurejeshwa. Hazikurejeshwa kwa sababu hazikuandikwa popote. Hazikuandikwa kwa sababu nyanya hakujua kuandika, na hakuna aliyemlipa mtu wa kumwandikia. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na watu wema na daftari lisilokuwepo. Hili lilikuwa suala la usimamizi kuanzia mwanzo hadi mwisho, sawasawa na alivyofundishwa. Ila asingeliona kamwe kama hangeushika ule waya.

Alimwomba fundi amchukue kama msaidizi. Kwa wiki kadhaa alizunguka naye kwenye visima vya karibu na Lodwar, akijifunza kuunga waya usiingie maji, kusikiliza pampu kwa sikio, na kujua bei. Aliporudi chini ya mti, hakubeba chati. Alisema hivi: mtungi wa lita 20 unauzwa shilingi 5, na kwa siku moja inauzwa mitungi 300. Tukiweka kando shilingi 2 kwa kila mtungi, tutapata shilingi 600 kwa siku, yaani 18,000 kwa mwezi. Waya mzuri ni bei hii, bomba ni bei hii, na kwa akiba hiyo tutaweza kuvinunua siku vikiharibika, bila kumngoja mfadhili. Alipendekeza kokoto ziwekwe kwenye makopo mawili, moja la mauzo na moja la akiba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuhesabu. Nyanya aliuliza maswali manne. Safari hii yote yalijibiwa.

Laiti kisa kingeishia hapo, kingekuwa kitamu. Lakini vyuo vilipoanza kufunguliwa hatua kwa hatua kuelekea mwisho wa 2020, binti aliandika barua ya kuahirisha masomo. Alikuwa amepata nafasi upande wa Kakuma, katika kazi ya maji, chini ya mhandisi aliyesajiliwa ambaye angemsimamia hadi mtihani wa bodi. Mshahara ulikuwa mdogo na sehemu ya karo iliyokwisha kulipwa haingerejeshwa.

Mjomba alikasirika. Alikuja Nawoitorong, akaweka ekicholong chake mlangoni bila kuingia. "Nilikuuzia mbuzi uwe mkubwa," alisema. "Sasa wanangu wananiambia wamekuona umepakwa oili kama kijana wa gereji. Hao mbuzi niliwauzia nini?"

Binti hakumjibu kwa ukali, maana mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Alisema tu, "Mjomba, ungemkabidhi kundi lako mtu ambaye hajawahi kulala malishoni?"

Mzee hakujibu. Aliinuka, akachukua kigoda chake, akaondoka. Kwa karibu mwaka mmoja hakupokea simu zake. Hii ndiyo gharama ambayo haimo katika jedwali lolote la bajeti, na binti ameilipa. Mama alibaki katikati, akisuka, akimpelekea kaka yake salamu za mtoto bila kutumwa.

Kakuma ilimfunza mengi. Mahali penye watu zaidi ya laki mbili kando ya mto wa msimu, maji yanapokatika kwa saa chache foleni hugeuka kuwa ugomvi baina ya wakimbizi na wenyeji. Huko alijifunza kuwa ratiba ni ahadi kwa watu wenye kiu. Mwaka 2024, akiwa amefaulu mtihani wa bodi, alirejea katika shahada ile ile ya usimamizi. Hakubadilisha kozi. Hakuwahi kuidharau. Mhadhiri alipotaja mradi unaokufa baada ya mfadhili kuondoka, alijikuta akicheka peke yake, na kijana mmoja wa mstari wa nyuma, aliyetoka moja kwa moja kwenye shahada ya kwanza, akamtazama na kuandika maelezo.

Je, kijana huyo amekosea? Haifai kumhukumu. Wapo watakaopita njia hiyo wakafanikiwa, hasa wale wenye unyenyekevu wa kuuliza bei ya waya kabla ya kuchora chati. Wapo pia watakaongoja uzoefu hadi mlango wa darasa ufungwe. Hakuna kanuni moja ya wote. Linaloweza kusemwa ni kwamba usimamizi ni elimu ya kusimamia kitu, na kitu hicho chafaa kijulikane kwanza. Kuwa toto wa Kiswahili kabla ya kuwa toto wa Kiturkana si aibu.

Kuhusu mjomba, alipatana naye. Alifika kioskini siku moja na mtungi, akalipa shilingi zake 5, akatazama nyanya akitia kokoto mbili kwenye makopo mawili. Aliuliza maana yake, akaelezwa. Kisha akaketi juu ya ekicholong chake kivulini, akawa anahesabu kokoto za watu hadi jua likachwa.